Kwetu sio kwa Dracula

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie vijana wa kule nyuma hamjambo. Kabla sijaanza naomba tumalizane na hili moja, mimi sio Mrusi. Nina miaka zaidi ya 30 hapa Moshi na bado sokoni kuna kijana wa vitunguu akiniona tu "mama Mrusi karibu", nimemwelewesha mpaka nimechoka, siku hizi naitika tu maana vitunguu vyake ni vizuri.

Natokea Romania. Na nikisema Romania wengine wanasikia Roma, wananiuliza kwa Papa kukoje. Sio huko. Chukua ramani ya Ulaya, sogea kulia, ukiikuta Ukraine shuka chini kidogo, ukiikuta Bulgaria umepitiliza, sisi tupo hapo katikati, tunagusana na Hungary, Serbia na Moldova, alafu upande wa mashariki ni Bahari Nyeusi. Mji mkuu ni Bucharest. Budapest ni wa jirani zetu Wahungary, na wanamuziki wakubwa wa dunia wamewahi kupanda jukwaani kwetu wakasalimia "Hello Budapest", kwahiyo ukichanganya wewe sikulaumu.

Kuhusu Urusi watu wanajenga hivi, Ulaya Mashariki, ukomunisti, baridi, basi Mrusi. Lakini Kiromania ni mtoto wa Kilatini, ndugu yake ni Kiitaliano na Kihispania, sisi tunahesabu unu, doi, trei, sikilizeni wenyewe kama hiyo ni Kirusi. Ingawa na wale majirani wa Kislavoni, ndugu wa Warusi, wametuachia vyao, neno "ndiyo" tunasema "da", kama Moscow kabisa, hapo siwezi kubisha. Alafu kuna Waturuki. Wafalme wetu walimlipa kodi Sultani wa Istanbul kwa karne na karne, na kodi haiendi peke yake, inarudi na maneno. Sasa Mturuki alikuwa kashaazima kwa Mwarabu, na huku pwani na nyie mlikuwa mnaazima kwa Mwarabu huyohuyo, kwahiyo mimi nafika hapa 1988 Kiswahili sijui hata salamu, mama mkwe ananiambia niletee kibiriti, nikamletea! Wakashangaa wote. Kwetu ni "chibrit", inasomwa kibrit. Balaa kwetu ni "belea". Birika ni "ibric". Halua ni "halva". Mtu fidhuli, sisi mwenye majivuno tunamwita "fudul". Meza tunasema "masă", hiyo haikupita kwa Mwarabu, ni Kilatini, kwetu imebaki tangu Warumi na kwenu ameileta Mreno. Mimi nilikaa kwenye kile kiti cha jikoni nikasema kumbe sijafika mbali sana.

Ila neno ninalolipenda ni "musafir". Mshalisikia, ni msafiri. Lakini kwetu musafir sio aliye njiani, ni aliyefika, mgeni aliyeko nyumbani kwako, unayemtolea jamu ya cherry kwenye kisahani na glasi ya maji. Nikamwambia mama mkwe wangu, mama mimi ni musafir, akasema eeh karibu, mgeni siku mbili. Ya tatu nikapewa jembe kweli, sio methali, jembe la mpini.

Haya, Dracula. Mnacheka, najua ndo mlichokuja kusikiliza.

Mimi nimezaliwa 1964 kijiji cha mkoa wa Buzău, na utoto wangu wote hakuna mtu aliyewahi kunitisha na Dracula mnyonya damu, nimekuja kumsikia vizuri nikiwa mtu mzima. Tuliyemjua ni Vlad, mtawala wa karne ya 15, wa Wallachia, kusini mwa Romania ya leo, na shuleni alifundishwa kama shujaa aliyemkatalia Sultani kodi. Baba yake alikuwa mwanachama wa kundi la mashujaa wa kikristo lililoitwa la Joka, akaitwa Dracul, mtoto ndo akawa Dracula, ni ubini tu. Alafu mwaka 1897 mwandishi Bram Stoker, Muayalandi, mtu ambaye hajawahi kukanyaga Romania hata siku moja, akalichukua lile jina akalivalisha meno na kulihamishia Transylvania, upande mwingine wa nchi. Ebu fikirieni mtu yuko zake Ulaya, hajui hata Kilimanjaro inaangalia wapi, anaandika kitabu kwamba Mangi Meli, chifu wa zamani wa hapa Moshi, alikuwa anakula watu usiku, kitabu kinapendwa, na miaka mia baadae watalii wanashuka uwanja wa ndege wa KIA wanauliza lile jumba la kulia watu liko wapi. Sasa tofauti, na niseme ukweli, Vlad kweli alikuwa mkatili, alitunga watu kwenye miti mirefu hai hai, sio mtu wa kumtetea sana. Na tofauti nyingine, sisi wenyewe tumekubali biashara. Nenda kwenye ngome ya Bran, ngome nzuri tu ambayo Vlad hana historia nayo ya maana, uone wamama wa kwetu wanavyouza vikombe vyenye meno. Mimi mwenyewe nimenunua kimoja, mjukuu alitaka. Kwahiyo mtu akiniambia "nyie watu wa Dracula" nanuna, lakini nusu tu.

Twende kwenye kubwa zaidi, kwamba mzungu ana hela. Hii ya hapa kwenu hii.

Mume wangu alikuja kusoma kilimo Bucharest miaka ya 80, enzi hizo Romania ilichukua wanafunzi wengi wa Kiafrika, Ceaușescu, rais wetu wa wakati huo, alipenda sana urafiki na Afrika, hata hapa Tanzania alishafika 1972. Kuolewa na mgeni ilikuwa inahitaji kibali kutoka juu kabisa serikalini, tukasubiri, nikaulizwa maswali na watu wasiojitambulisha, basi tukapata. Sasa huyu kijana wa Kichaga anakuja Ulaya akitegemea neema, anakuta nini? Foleni. Ceaușescu kaamua kulipa deni lote la nje, kwahiyo nyama inauzwa nje, mafuta yanauzwa nje, sisi tunabaki na kadi za mgao, mkate kwa kadi, sukari kwa kadi, mafuta ya kula kwa kadi. Nyumba za ghorofa hazipati joto la kutosha na nje ni barafu, unalala na koti. Umeme unakatwa. Tivii masaa mawili kwa siku na kwenye hayo mawili sehemu kubwa ni yeye Ceaușescu anatembelea kiwanda. Foleni ya maziwa watu wanaweka mfuko chini kushika nafasi alafu wanaenda kulala kidogo. Mume wangu alivyoona ile mifuko imepangwa akacheka mpaka machozi, akasema kwetu tunaweka mawe. Wazee hapa mnaelewa, nyie mliopanga foleni ya sabuni duka la ushirika hamhitaji tafsiri, ni hawa vijana ndo wananiangalia hivi.

Na ndizi! Ndizi kwetu zilikuja karibu na Krismasi, mbichi, kijani kabisa, unapanga foleni, unapewa kilo moja, unazifunga kwenye gazeti unaweka juu ya kabati na kila siku mnapanda kiti kuangalia kama zimeiva, na mtoto akila moja anakula taratibu kama anasali. Sasa nimeolewa, naletwa kwa mkwe, naingia kihambani, migomba huku, migomba kule, na shemeji yangu anamkatia ng'ombe. Ng'ombe anakula ndizi! Nikalia. Wakadhani nimekumbuka nyumbani, mama mkwe akanikumbatia, nikashindwa kumweleza kwamba nalia kwa ajili ya ng'ombe.

Nikasema na mimi nipike cha kwetu. Chakula chetu cha kila siku ni mămăligă, na mămăligă ni nini, ni ugali, wala hakuna maneno mengi, unga wa mahindi, maji, chumvi, unasonga, tena kwetu unakatwa kwa uzi. Ila mahindi yetu ni ya njano. Nikahangaika nikapata unga wa njano, nikasonga, nikaweka mezani najivuna. Mama mkwe akauangalia ule ugali, akaniangalia mimi, akasema kwa upole kabisa, mwanangu, yanga tulishaila wakati wa njaa, Mungu ametutoa huko. Mimi sikujua habari za unga wa yanga, ule wa njano wa miaka ya njaa! Nikawa nimemrudisha mama wa watu kwenye miaka mibaya nikidhani namkirimu.

Kwahiyo mzungu ana hela, ndiyo wengine wanazo. Mama yangu mpaka anafariki choo chake kilikuwa nje uani, na mpaka leo vijijini kwetu viko vyoo vingi tu hivyo, na mkokoteni wa farasi unapita barabarani. Huohuo mkokoteni, aliyekaa juu anaangalia mpira kwenye simu na intaneti yake ni kali, maana kwenye intaneti kwetu tuko vizuri kweli. Hiyo ndo nchi, yote mawili kwa pamoja.

Desemba 1989 nilikuwa hapa. Wachaga wote wamerudi nyumbani Krismasi, mbuzi kachinjwa, na mimi nimeshika redio, wananiambia njoo ule. Mapinduzi yalianzia mji wa Timișoara katikati ya mwezi, watu wanapigwa risasi, alafu Bucharest, alafu siku ya Krismasi yenyewe Ceaușescu na mkewe wakapigwa risasi. Kila mtu ananiambia hongera. Sikujua niseme nini, simu kwetu haiingii, sijui ndugu zangu wako hai, na natakiwa kucheka.

Baada ya hapo mipaka ikafunguka, 2007 tukaingia Umoja wa Ulaya, na watu wakaondoka. Tulikuwa karibu milioni 23 mwaka 1990, sensa ya 2021 imekuta milioni 19. Italia peke yake Waromania wamepita milioni. Binamu yangu alienda huko kulea bibi wa Kiitaliano, kumnyanyua, kumwogesha, miaka 9, wakati mama yake mwenyewe kijijini ananyanyuliwa na jirani, na watoto wake wanalelewa na bibi huyohuyo anayenyanyuliwa. Alafu unakaa na watu wa Ulaya Magharibi mezani wanakuambia Waromania ni wezi. Wapo wezi, sikatai. Mimi huwa nauliza tu, bibi yako anaogeshwa na nani?

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nilisita kulisema. Ukiwa Mromania nje, swali linalouma kuliko la Dracula ni "nyie ndo wale Waroma?", wale wanaoitwa majipsi. Na jibu letu tunalo mdomoni, hapana hapana, sisi sio wale. Nimelijibu hivyo miaka mingi. Na kitaalamu ni kweli, majina yamefanana tu, Waroma asili yao ni kaskazini mwa India, maji kwa lugha yao ni "pani", kamuulizeni Mhindi yeyote mjini hapo. Lakini sikilizeni sauti inavyotoka, hapana, sisi sio wale. Mimi, mama wa watoto wa Kichaga, watoto ambao Bucharest walishaangaliwa vibaya kwenye basi, bado nilikuwa nalisema kwa haraka vilevile.

Mwaka mmoja nikawapeleka wanangu Zanzibar, tukaingia Mkunazini, pale kanisani palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa 1873. Muongozaji anaeleza, na mzungu mmoja mtalii pembeni yangu, Mfaransa nadhani, akasema kama anaongea peke yake, kwenu Romania pia mlikuwa nao, Waroma. Nikamwambia unakosea. Nikasema kwa hasira kabisa. Nikarudi nikauliza, nikasoma, kumbe aliyekosea ni mimi. Waroma walikuwa watumwa Wallachia na Moldavia, zile nchi mbili zilizoungana zikawa Romania, karibu miaka 500, wanauzwa, wanarithiwa, wanatolewa zawadi, mali ya mtawala, mali ya mabwana wakubwa, na mali ya monasteri, zile monasteri nilizopelekwa mdogo kuwasha mshumaa. Wameachiwa 1855 Moldavia na 1856 Wallachia. Yaani miaka 17 tu kabla ya soko la Mkunazini kufungwa. Na shuleni kwetu, sikumbuki hata sentensi moja.

Kwahiyo nilipokuwa nahangaika kuwasahihisha watu hapa kuhusu kwetu, kwetu kwenyewe nilikuwa sikujui.

Nilienda mara ya mwisho kumzika mama. Mwisho wa kijiji kuna mama wa Kiroma, mzee sana sasa, tulipokuwa wadogo tukilia tulikuwa tunatishwa naye, nyamaza atakuja akuweke kwenye gunia. Sijawahi kuingia kwake maisha yangu yote. Safari hii nikapiga hodi. Akanijua kabla sijasema jina, akasema wewe ndo uliyeenda Afrika. Tukaongea, ameuliza jua, ameuliza watoto, alafu akauliza, na huko wanatujua sisi? Nikamwambia huwa wananiuliza kama mimi ndo nyie. Akacheka, hana meno, akacheka sana. Akasema, na wewe unajibu nini?

Nikanyamaza. Akaniangalia kidogo, akainuka, akaenda kuweka ibric jikoni, akatoa kisahani cha jamu na glasi ya maji.

Haya, nani ana swali? Ila la Urusi sijibu.