Magadi na Maji Yake: Mhadhara Kuhusu Asidi na Besi

Mabibi na mabwana, mbele yenu zipo glasi mbili za maji yaliyokorogewa binzari ya manjano ya kawaida ya jikoni. Katika glasi ya kwanza ninakamua ndimu, na rangi haibadiliki. Katika ya pili ninatia kipande cha magadi, na sote tunaona maji yakigeuka kuwa mekundu yenye hudhurungi. Binzari, kwa hiyo, ni kiashirio, kwani rangi yake hufuata wingi au uchache wa ioni za hidrojeni, yaani chembe za hidrojeni zenye chaji ya umeme, zilizomo majini. Glasi hii ya pili ndiyo itakayotushughulisha leo, kwa sababu inazua swali ambalo masomo ya shule hulipita haraka: magadi hayana hidroksidi ndani yake, ile ioni ya oksijeni na hidrojeni tunayofundishwa kuwa ndiyo huifanya dutu kuwa besi, basi yamepataje kuwa besi?

Svante Arrhenius, mkemia wa Sweden aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1903, alifundisha kwamba asidi ni dutu inayotoa ioni za hidrojeni ikiyeyuka majini, na besi ni ile inayotoa ioni za hidroksidi. Kwa kostiki soda wanayotumia watengenezaji wa sabuni, maelezo hayo yanatosha, maana hidroksidi imo ndani yake tangu mwanzo na huachiliwa yote mara inapoyeyuka. Kwa magadi hayatoshi. Madini yanayochimbwa katika Ziwa Magadi, Kaunti ya Kajiado nchini Kenya, huitwa trona, nayo ni fuwele zenye kabonati ya sodiamu, bikabonati ya sodiamu na maji, wala hakuna hidroksidi ya kutolewa.

Maelezo yanayofaa yalitolewa mwaka 1923, pale Johannes Brønsted wa Denmark na Thomas Lowry wa Uingereza, kila mmoja kwa upande wake, walipopendekeza kwamba asidi ni kile kinachotoa protoni, yaani ioni ya hidrojeni, na besi ni kile kinachoipokea. Ioni ya kabonati ikiingia majini huinyang'anya molekuli ya maji protoni moja, ikawa bikabonati. Na molekuli ile iliyonyang'anywa hubaki kuwa hidroksidi. Hidroksidi tunayoipima katika glasi hii imetoka kwenye maji yenyewe. Tena, ni sehemu ndogo tu ya kabonati inayofanikiwa kuinyakua protoni wakati wowote ule, na ndiyo maana magadi ni besi dhaifu, ambayo mpishi huidonoa kwa vidole na kuitia katika chungu cha maharage, ilhali kostiki ingemuunguza. Maharage huiva upesi kwa sababu mazingira ya besi huvunja pektini inayoshikanisha seli zake, ingawa lazima niseme, kwa wanaozidisha kipimo, kwamba mazingira hayohayo huharibu vitamini B1.

Kipimo cha pH tunachokitumia kilianzishwa mwaka 1909 na Søren Sørensen katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen. Maji safi katika nyuzi 25 za Selsiasi yana pH 7, na kila namba moja tunayopanda inamaanisha ioni za hidrojeni zimepungua mara kumi. Ziwa lenye pH 10, kama Magadi, lina ioni hizo pungufu mara 1,000 kuliko maji safi, jambo ambalo tofauti ya tatu tu kwenye karatasi hulificha.

Ziwa lenyewe limepataje hali hiyo? Hapa ndipo somo linaponivutia zaidi, kwa kuwa kazi ilianzwa na asidi. Mvua hufyonza hewa ukaa angani, ikawa asidi dhaifu ya kaboni yenye pH karibu 5.6, kisha ikateremka juu ya miamba ya volkano ya Bonde la Ufa, yenye sodiamu kwa wingi. Asidi hiyo huimomonyoa miamba polepole, yenyewe ikiishia kuwa bikabonati, na maji huyabeba yote mawili, sodiamu na bikabonati, hadi katika bonde lisilo na mto wa kutoka. Jua linapoyakausha maji, kalsiamu hutangulia kuganda pamoja na kabonati na kuzama. Mahali ambapo kalsiamu ni nyingi, kabonati huisha yote, na hapawi na ziwa la magadi; lakini hapa kalsiamu ni chache, hivyo kabonati hubaki bila mshirika mwingine isipokuwa sodiamu. Upande wa Tanzania, karibu na Ziwa Natron, Oldoinyo Lengai hutapika lava ambayo yenyewe ina kabonati ya sodiamu, nyeusi inapotoka na nyeupe ikishapata unyevu.

Katika maji hayo ya Magadi anaishi samaki wa jamii ya perege, Alcolapia grahami. Samaki wengi huondoa taka ya naitrojeni kama amonia, inayopita kwenye mashavu, ikapokea protoni majini na kuwa amonia yenye chaji, ambayo hairudi mwilini kwa urahisi. Katika pH 10 protoni za kuifunga hazitoshi, na amonia ingemlimbikia samaki hadi imuue. Perege huyu hugeuza taka yake kuwa urea, kama mwili wa binadamu ufanyavyo, na urea hutoka bila kuhitaji protoni yoyote kutoka ziwani.