Kabla hujabonyeza Y: kujua kilichobadilika unaposasisha Debian

Assalaam aleikum. Niko dukani kwangu Chake Chake, dirisha nimeliacha wazi kwa joto hili, basi mkisikia honi za daladala mstahamili.

Leo nataka tuache ule mchezo wa kusasisha kompyuta ya Debian, mfumo endeshi kama ilivyo Windows, kwa macho yaliyofumba. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika `sudo apt update`, halafu `apt list --upgradable`. Hiyo ndiyo orodha ya vifurushi, yaani programu na vipande vyake, vinavyosubiri: toleo jipya hili, la zamani lile kwenye mabano ya mraba. Hapa hakuna la ajabu, twende.

Orodha hiyo inakupa namba tu. Haikwambii kilichobadilika. Kwa hilo tuna kifurushi kinaitwa apt-listchanges. `sudo apt install apt-listchanges`. Kikishaingia, `sudo dpkg-reconfigure apt-listchanges`, na hapo atakuuliza maswali. Namna ya kuonyesha, mie nachagua pager, inayokuonyesha maandishi ukurasa kwa ukurasa pale pale kwenye terminali. Kionyeshwe nini? Chagua news. Wengine watakwambia chukua vyote, lakini vyote ni kurasa na kurasa, utasoma siku mbili halafu siku ya tatu utaanza kuruka. News ni yale waliokitengeneza kifurushi wameona lazima uambiwe. Akikuuliza kama akuombe ruhusa kabla ya kuendelea, mjibu ndiyo.

Sasa `sudo apt upgrade`. Vifurushi vinashuka kwanza, kwa hiyo bando lako limeshaliwa, usijidanganye. Ila havijaingia kwenye mfumo bado. Ukiona "Reading changelogs" na hapana kilichotokea, si mbovu, ni kwamba hapana habari. Hapa kwangu zimetoka. Soma, bonyeza q, mkubalie aendelee.

Tulia sasa. Hapa ndipo niliposhikwa mie. Angalieni skrini, ngoja nisogeze kamera... imekuwa ukungu... haya:

`*** dnsmasq.conf (Y/I/N/O/D/Z) [default=N] ?`

Dnsmasq ndiyo inayozigawia anwani kompyuta zote za duka langu. Swali hili halitoki kila siku. Hutoka pale wewe ulipoligusa faili la mipangilio, na wenye kifurushi nao wakaligusa. Usibonyeze Y! Toka asubuhi umebonyeza Y, Y, Y, na kila mara maana yake ilikuwa "endelea". Hapa Y maana yake "lako litupe, weka langu". Mie nilibonyeza huku nakunywa chai. Faili jipya lilikuja na kila mstari umezimwa kwa alama ya reli, hii `#`, kompyuta zote dukani zikakosa mtandao, na wanafunzi wa skuli wamejipanga mlangoni wanataka kuchapisha fomu. Nikaenda kuilaumu ruta. Nikaizima nikaiwasha mara sijui ngapi, maskini haina kosa.

Basi bonyeza D. Narudia, D kwanza. Anakufungulia tofauti za...

Hm. Umeme.

Nimerudi. Ulikatika katikati ya kazi, na kompyuta hii haina betri. Hata vizuri, mtaona. Usianze upya, andika `sudo dpkg --configure -a`, ataendelea alipoachia. Mnaona? Swali lile lile limerudi.

D. Mistari yenye alama ya kutoa ni yako, yenye kujumlisha ni ya kwao. Huu wangu, `-dhcp-range=192.168.10.50,192.168.10.150,12h`. Na huu wao, `+#dhcp-range=192.168.0.50,192.168.0.150,12h`. Ile reli hapo mbele ya dhcp mmeiona? Hiyo ndiyo iliyonikosesha wateja. Bonyeza q, unarudi kwenye swali, sasa N, lako linabaki. La kwao halipotei, linakaa pembeni kwa jina la `dnsmasq.conf.dpkg-dist`, utalisoma ukipata nafasi.

Na kama umeshabonyeza Y? Nimekwambia usibonyeze. Haya, faili lako limehifadhiwa kwa mwisho wa `.dpkg-old`. Lirudishe kwa cp, amri ya kunakili, halafu uiwashe upya dnsmasq: `sudo systemctl restart dnsmasq`. Mie nililijua hilo usiku, wateja wameshakwenda zao.

La mwisho. Kesho kitu kikikataa kufanya kazi, fungua `/var/log/apt/history.log`. Kila kifurushi kilichosasishwa kimo humo, toleo alilotoka na alilokwenda, pamoja na siku na saa. Ukitaka kujua kwa nini, iko `apt changelog` na jina la kifurushi, lakini hiyo inataka intaneti na bando langu ndiyo hilo limekata sasa hivi. Bila intaneti: `zless /usr/share/doc/bash/changelog.Debian.gz`, weka jina la kifurushi chako badala ya bash. Ukikuta urgency=high, usikawie.

Flashi zenye Debian zipo hapa dukani. Njoo baada ya alasiri, mchana huwa nafunga.