Unyayo Wenye Uvungu Mkubwa: Msiilaumu Sugu

Walionisikia siku nyingine wanajua nitaanzia wapi: bafuni. Ukitoka kuoga, kanyaga sakafu kavu, kisha geuka utazame alama uliyoiacha. Wengi wataona kisigino na sehemu ya mbele vimeunganishwa na utepe mpana upande wa nje. Mwenye uvungu mkubwa, yaani unyayo ulioinuka sana katikati, ataona visiwa viwili: kisigino huku, vidole kule, katikati uzi mwembamba au sakafu tupu.

Sasa pigeni hesabu. Mwili uleule, kilo zilezile, ila pa kuzibebea pamepungua. Ndiyo maana sugu zinaota chini ya shina la kidole gumba na la kidole cha mwisho, na mtu anazikwangua kila wiki. Jamani, sugu ni shahidi! Mnampiga shahidi, mhalifu anatembea.

Najua yupo anayewaza: "Si tumeambiwa unyayo bapa ndio mbaya?" Aliyekwambia kakupa nusu. Unyayo bapa mara nyingi umelegea, huu umekakamaa. Ukikanyaga, uvungu unatakiwa ushuke kidogo upokee kishindo. Ukigoma, kishindo kinaingia kwenye mifupa na kwenye ule utando mgumu unaotoka kisiginoni. Alinijia mtu na soli ngumu za kuweka ndani ya viatu, kauziwa ili unyayo usilale. Usilale! Unyayo wake haujalala tangu azaliwe. Nilicheka, akanuna, na alikuwa na haki ya kununa. Tulimtafutia soli laini zilizojaa chini ya uvungu, ili katikati nako kubebe mzigo.

Naonyeshwa saa, na kifundo sijakigusa. Kwa kifupi: kisigino cha hivi mara nyingi huinamia ndani, kwa hiyo mguu huteguka upesi na kiatu huisha upande wa nje. Vidole vilivyojikunja kama makucha, siku nyingine.

Ila hili siliruki. Uvungu ukizidi kuongezeka, ukiwa mguu mmoja tu, au kukiwa na ganzi, achana na habari za soli. Nenda ukapimwe neva na uti wa mgongo. Upo ugonjwa wa kurithi, Charcot-Marie-Tooth, ulioelezwa mwaka 1886, unaodhoofisha misuli ya miguu polepole. Kwa hiyo msiangalie unyayo wenu tu. Mama, baba, mjomba, wote wavue viatu. Naona mzee wa pale nyuma ameshavua. Karibu mbele, mzee wangu, maji haya hapa.