Kipindi cha leo: Mtaalamu akae wapi kwenye kikao cha ukoo?

BARAKA: Tuko hewani? Haya, tuko hewani. Karibuni. Mwanaidi leo kaja na karatasi.

MWANAIDI: Mambo matano ya kujua kabla hujaomba masta ya ustawi wa jamii na familia. Watu wanatuma ujumbe kila wiki. Leo namalizana nao.

BARAKA: Kabla ya karatasi, Jumapili.

MWANAIDI: Baraka, tuanze na karatasi.

BARAKA: Jumapili kwanza. Wasikilizaji, huyu dada yenu aliitwa kikao cha ukoo, Tandika.

MWANAIDI: Sawa. Kaka yangu, mtoto wa baba mdogo, ana mgogoro na mkewe. Wote wawili nimewaomba ruhusa nizungumze, na vitu viwili vitatu nimevibadilisha, kwa hiyo msianze kupiga simu Tandika. Baba mkubwa kanipigia: "Njoo, wewe si ndiye unayesomea mambo haya?" Nikajua naitwa kama mtaalamu. Nimefika, shangazi kanipa kitenge nijifunge, kanionyesha jikoni.

BARAKA: Mtaalamu wa vitunguu!

MWANAIDI: Wa mchele. Nimechambua mchele na wifi weee, mpaka mgongo unauma. Ndipo tukaitwa sebuleni. Wanaume makochini, wanawake chini mkekani. Mimi nimesimama, sijui niende wapi.

BARAKA: Ukakaa wapi?

MWANAIDI: Nikavuta kigoda, nikakaa mlangoni.

BARAKA: Mlangoni! Masta muhula wa tatu, unakaa mlangoni!

MWANAIDI: Kwa makusudi, bwana. Nikikaa kochini niko na wenye kauli. Nikikaa mkekani nimeshakuwa wa upande wa wifi. Na hili tunafundishwa kabisa: viti viwe na pembe kidogo, watu wasikodoleane macho, meza isikae katikati, na unayemhudumia asijione kafungiwa ndani.

BARAKA: Na wewe umeziba mlango.

MWANAIDI: Kigoda ni kidogo.

BARAKA: Yaani mtu akizidiwa na kikao akitaka kutoka, anamruka mtaalamu kwanza.

MWANAIDI: (anacheka) Shangazi aliniruka mara mbili akifuata birika.

BARAKA: Na kule baraza la usuluhishi la kata wanakaaje? Maana ulikwenda fildi kule.

MWANAIDI: Sisemi kata gani. Kuna meza. Mwenyekiti na wajumbe wake, sheria inataka wajumbe wasipungue wawili wala wasizidi watano, wamejipanga nyuma ya meza. Mke na mume benchi moja, wanagusana mabega watu ambao hawajasemeshana tangu mfungo.

BARAKA: Hapo kuna usuluhishi kweli?

MWANAIDI: Upo, wapo wazee wenye hekima sana. Ila wengine hawakuja kupatanishwa. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema hupeleki ombi la talaka mahakamani mpaka baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kuna hali zinazoachwa, mfano mwenzio katoweka hujui aliko. Lakini kwa kawaida lazima upite pale. Kwa hiyo mtu anafika, hajakaa vizuri, anauliza fomu namba tatu, ile ya kuthibitisha kwamba baraza limeshindwa, inatoka lini.

BARAKA: Anaomba washindwe!

MWANAIDI: Anaomba washindwe mapema, kapaki bodaboda nje.

BARAKA: Turudi mlangoni. Hao wataalamu wenu wakubwa, kuna aliyewahi kukaa mlangoni?

MWANAIDI: Kuna aliyefanya zaidi. Murray Bowen, daktari wa akili, Mmarekani. Kati ya 1954 na 1959, kule Bethesda, Marekani, alizilaza familia nzima wodini pamoja na mgonjwa wao. Waishi humo, wale humo, yeye na wenzake wanawatazama.

BARAKA: Baba, mama, wote wamelazwa?

MWANAIDI: Wote. Ukimlaza mmoja unaona ugonjwa wake, ukiwalaza wote unaona nyumba inavyokwenda. Na moja ya hoja zake kubwa ni kwamba wawili wakibanana, wanamvuta wa tatu ili wapate pa kupumulia. Mara nyingi ni mtoto. Au mama mkwe. Au...

BARAKA: Wifi anayechambua mchele.

MWANAIDI: Ndiko ninakokwenda. Wifi aliniambia jambo jikoni. Kikao kikaamua bila jambo hilo.

BARAKA: Waliamuaje?

MWANAIDI: Wifi arudi kwao mwezi mmoja, "akatulie". Mtoto wao wa miaka minne abaki kwa bibi, upande wa baba. Nikasema jamani, mtoto wa chini ya miaka saba, sheria inaanzia kwenye dhana kwamba ni heri awe na mama yake. Dhana hiyo inaweza kupingwa, lakini inapingwa kwa sababu. Baba mkubwa kanijibu: "Hapa hatujaja mahakamani."

BARAKA: Hilo jibu zuri, samahani.

MWANAIDI: Zuri kwake. Mjomba mmoja akaongeza kwamba nyumba kajenga mwanaume, wifi hana chake mle. Nikamwambia Mahakama ya Rufani ilishalimaliza hilo 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu: kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali ya ndoa.

BARAKA: Akanyamaza?

MWANAIDI: Akauliza, "Na huyo Bi Hawa alipewa nini?" Sasa hapo... Bi Hawa mwenyewe hakutoka na kitu. Mahakama iliona fungu lake alishalitumia, kuna pesa mume alimpa akazichezea. Kanuni ikabaki, ikawasaidia waliomfuata.

BARAKA: Mjomba kasoma sheria, yuko kochini. Wewe uko wapi? Mlangoni.

MWANAIDI: Haya bwana.

BARAKA: Na la jikoni?

MWANAIDI: Sikulisema.

BARAKA: Lilikuwa nini?

MWANAIDI: Hata hapa sisemi.

BARAKA: Lingebadilisha uamuzi?

MWANAIDI: Nadhani lingebadilisha.

BARAKA: Mwanaidi! Ukanyamaza?

MWANAIDI: Si langu. Nilimuuliza pale pale jikoni, nimwambie baba mkubwa? Akasema hapana. Tumeanza kuitwa, nikamuuliza tena kwa jicho, akatikisa kichwa. Kuna padri Mjesuiti, Felix Biestek, 1957 aliweka kanuni saba za uhusiano wa mhudumu na anayehudumiwa. Kutunza siri ni mojawapo. Mtu kujiamulia mambo yake ni nyingine.

BARAKA: Padri! Yule ana kitubio. Wewe una kigoda.

MWANAIDI: (anacheka) Usinichekeshe, nazungumza jambo la maana.

BARAKA: Na mimi nazungumza la maana. Hukuwa ofisini. Hakuna faili, hakuna miadi. Kakuambia wifi kwa wifi, mikono imejaa pumba. Hiyo si siri ya ofisi, ni mtu anatafuta wa kumsemea.

MWANAIDI: Angetaka nimsemee angesema nisemee. Alikataa mara mbili.

BARAKA: Alikuwa anaogopa. Mwenye hofu anasemewa na nduguze, ndiyo maana ukoo upo. Na kaka yako je? Kakaa pale anabeba lawama nusu nusu, hajui kitu, na dada yake wa damu anajua.

MWANAIDI: Nikimsemea leo bila ridhaa yake, siku akiwa na jambo la kuuawa hataniambia mimi wala mwingine.

BARAKA: Hiyo siku hujui kama ipo. Mtoto aliyelala kwa bibi bila mama yake, huyo yupo. Usiku wa leo.

MWANAIDI: ...

BARAKA: Nasema kweli au si kweli?

MWANAIDI: Mtoto angekuwa hatarini ningesema palepale. Na nisingeishia kwa baba mkubwa, ningekwenda serikali ya mtaa. Sheria ya Mtoto ya 2009 imempa kila mwanajamii wajibu huo, si afisa ustawi peke yake. Bibi yule namjua, mtoto anakula, analala, anaogeshwa.

BARAKA: Na akimlilia mama yake?

MWANAIDI: Inaniuma. Hainipi haki ya kufungua kinywa cha mtu mwingine.

BARAKA: Basi hiyo masta inawafundisha kuwa wageni kwenu.

MWANAIDI: Inatufundisha kwamba jikoni mtu anaweza kupumua bila kusikia maneno yake sebuleni. Nyie mnaosema ukoo, ukoo, mmewaacha wanawake wangapi hawana hata wa kumwambia?

BARAKA: Mimi mama yangu angejua akanyamaza, nisingemsamehe.

MWANAIDI: Mimi mama yangu angesema bila kuniuliza, nisingemwambia tena kitu.

BARAKA: Hapa hatukubaliani.

MWANAIDI: Hatukubaliani.

BARAKA: Wala sirudi nyuma.

MWANAIDI: Nani kakuomba?

BARAKA: ...Fundi ananionyesha vidole vinne. Dakika nne.

MWANAIDI: Mambo matano kwa dakika nne?

BARAKA: Pitia haraka.

MWANAIDI: La kwanza, pa kusomea. Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, ipo tangu 1973. Aliye mkoani mwenye kazi aangalie Chuo Kikuu Huria. La pili, ada...

BARAKA: Ada ni nani anailipa, ndilo swali.

MWANAIDI: Ndiyo, na hilo halitoshi dakika moja. Ada zinabadilika, soma tovuti ya chuo chenyewe, usimwamini mtu wa kwenye kundi la WhatsApp. La tatu, msimamizi wa tasnifu...

BARAKA: Hilo lina kipindi chake.

MWANAIDI: Lina vipindi viwili. Basi. Nitayaandika, mtayakuta kwenye ukurasa wetu.

BARAKA: Wiki ijayo tuna mgeni, yule mama wa vikoba wa Temeke. Kwa hiyo masta mpaka mwezi ujao.

MWANAIDI: Mwezi ujao nina mitihani.

BARAKA: Basi baada ya mitihani. Maswali tumeni, ila ya ada mpelekeeni Mwanaidi.