Ushuhuda wa jana jioni

Bwana asifiwe, wapendwa. Mmeniomba niseme na viongozi wa vikundi vya ushirika juu ya ushuhuda, maana wengi mnalalamika kwamba umepoa: watu wale wale, maneno yale yale.

Uamsho wetu wa Afrika Mashariki ulisimama juu ya jambo hili. Simeoni Nsibambi, Mkristo wa Uganda, na daktari mmisionari Mwingereza Joe Church walikutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929, na moto ukawaka Gahini, Rwanda, ukafika Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Balokole, yaani "waliookoka" kwa Kiganda, kama walivyoitwa watu wa uamsho huo, walikuwa na neno lao: kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7. Maana yake, la leo lisemwe leo. Aliyeokoka zamani aliulizwa habari za wiki hii.

Hapo ndipo tunapokosea. Mtu anasimama: "Nilikuwa mkali, Bwana akanibadilisha." Hakuna anayeguswa, kwa sababu hakuna cha kushika. Sikilizeni huu: "Jana jioni nilimfokea mke wangu mbele ya watoto kwa ajili ya hela ya mboga. Usiku sikuweza kuomba. Asubuhi nimemwomba msamaha, yeye na watoto." Sentensi tatu tu, na kila mwenye nyumba ameshajiona humo. Dhambi imetajwa kwa jina lake, neema imeonekana, na hatua imechukuliwa kabla ya kuja kikundini.

Angalieni tena: amekiri lake. Akisema "mke wangu alinichokoza", hayo ni mashtaka, na mwenzake hayupo kujitetea. Mkatize kwa upole: "Ndugu, tuambie lako."

Na mtu akimaliza, msimpe mawaidha. Wazee waliimba *Tukutendereza*, wimbo wa uamsho wa Kiganda wa kumsifu Yesu. Wimbo ule ulifanya kazi kubwa: ulimpokea mtu kama alivyo, ukamwondolea aibu ya kukaa kimya mbele ya macho ya watu. Ukianza kumshauri, wiki ijayo wengine watakuja na dhambi ndogo ndogo zisizo na hatari.

Kuna mambo yasiyoletwa kikundini kwanza. Aliyemdhuru mtoto, aliyempiga mtu, aliyeiba: kukiri mbele yetu hakumalizi jambo. Aliyeumizwa alindwe, na panapohusika sheria, sheria ifuate mkondo wake. Msimlazimishe aliyeumizwa asamehe hadharani ili ushuhuda wa mwingine upendeze. Hilo nalisema kwa uchungu, maana limevunja watu.

Simu zikae mfukoni. Ushuhuda uliorekodiwa na kurushwa WhatsApp haurudi tena, na kikundi kitafunga midomo kwa miezi.

Kuhusu muda: watu 12, dakika nne kila mmoja, ni dakika 48. Katika saa moja zinabaki 12 za wimbo na maombi. Wakizidi 12, gawanyeni. Kiongozi atangulie yeye, na la kwake liwe la wiki hii, maana kina atakachofika yeye ndicho watakachothubutu wengine.