Misaki Matsutomo, mwanamke wa mbele ya wavu

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi ni Zuhura, na pembeni yangu yuko kaka yangu Baraka. Leo tunakwenda Japani, kwenye mpira wa vinyoya, yaani badminton, na tunamzungumzia mtu mmoja tu, Misaki Matsutomo.

BARAKA: Asante, dada. Na niseme mapema, mimi na Zuhura tumebishana kuhusu huyu mwanamke tangu jana. Mimi nasema kilele chake ni Rio 2016. Medali ya dhahabu ya Olimpiki, ya kwanza kabisa kwa Japani katika badminton. Kuna kitu gani juu ya hapo?

ZUHURA: Machi 2021, Birmingham. Fainali aliyoshindwa.

BARAKA: Mnamsikia!

ZUHURA: Tutafika, usiwe na haraka. Waeleze kwanza katokea wapi.

BARAKA: Alizaliwa Februari 1992 katika mkoa wa Tokushima, kwenye kisiwa cha Shikoku. Sekondari ya juu akaenda kuisoma mbali na kwao, Sendai, kwenye shule moja ya Seitoku Ursula yenye jina kubwa katika badminton ya Japani. Huko akamkuta Ayaka Takahashi, binti wa Nara, aliyekuwa mbele yake kwa darasa moja. Mwaka 2007 wakaanza kucheza pamoja. Wajapani baadaye wakaunganisha vipande vya majina yao, wakawaita Takamatsu.

ZUHURA: Na walipomaliza shule wote wawili wakaingia kampuni moja, Nihon Unisys, ambayo siku hizi inaitwa BIPROGY. Hapa msikilizaji anaweza kujiuliza, kampuni ya kompyuta na badminton wapi na wapi? Japani ndivyo michezo mingi inavyoendeshwa. Kampuni inamwajiri mchezaji, inamlipa mshahara, inampa ukumbi na kocha, naye anavaa jina lake kifuani kwenye ligi. Mchezaji wa badminton halazimiki kuishi kwa zawadi za mashindano peke yake. Ndiyo maana unakuta watu wawili wanakaa pamoja uwanjani miaka 13 bila njaa kuwatenganisha.

BARAKA: Miaka 13 na mtu mmoja. Kuna ndoa hazifiki huko.

ZUHURA: Kweli kabisa. Sasa naomba nieleze kazi yake uwanjani, maana bila hapo ubishi wetu hautaeleweka. Kwenye mchezo wa wawili wawili, mkiwa mnashambulia mnakaa mmoja mbele, mmoja nyuma. Mkishambuliwa mnatawanyika, mmoja kushoto na mwingine kulia. Takahashi alikuwa mtu wa nyuma. Anaruka, anapiga smashi, lile pigo kali la kushuka, anapiga tena, mabega yanawaka moto. Matsutomo alikuwa mbele, hatua chache kutoka kwenye wavu, na kinyoya kikirudi hapo hana hata muda wa kukunja mkono.

BARAKA: Watazamaji wengi wanamwangalia wa nyuma, kwa sababu smashi ina kishindo.

ZUHURA: Wanamwangalia wa nyuma, na hapo ndipo wanapoikosa kazi ya Matsutomo. Kwa wanawake, smashi moja kwa kawaida haimalizi mambo. Walinzi wanairudisha, na tena, na tena. Kwa hiyo swali ni hili: kinyoya kitarudi upande gani? Mtu wa mbele anatakiwa kujua kabla hakijapigwa. Anasoma bega la mpinzani, anasoma raketi imeinama vipi, anasogea nusu hatua. Akikosea nusu hatua hiyo, kinyoya kinampita na mwenzake wa nyuma anakimbizwa kona hadi kona. Matsutomo ana kimo cha karibu mita 1.60 tu. Hana mikono mirefu ya kumsaidia. Anachokitegemea ni kuwahi.

BARAKA: Na utulivu. Uso wake haubadiliki, awe anaongoza kwa pointi kumi au anazama.

ZUHURA: Huo uso! Unaweza kuzima sauti ya televisheni, ukamwangalia seti nzima, usijue nani anashinda.

BARAKA: Sasa nipeni nafasi niwapeleke Rio, lakini lazima nianzie na China, maana bila China huwezi kuona uzito wa lile jambo. Kuanzia Atlanta 1996 hadi London 2012, dhahabu ya wawili wanawake ilikwenda China kila mara. Olimpiki tano mfululizo! Japani iliikaribia dhahabu hiyo kule London, pale Mizuki Fujii na Reika Kakiiwa walipofika fainali. Wakafungwa na Tian Qing na Zhao Yunlei, lakini medali ile ya fedha ndiyo ilikuwa ya kwanza ya Olimpiki ya badminton kwa Japani.

ZUHURA: Na nyuma ya pazia yuko Park Joo-bong. Mkorea, bingwa wa Olimpiki wa wawili wanaume mwaka 1992 akiwa na Kim Moon-soo. Japani ilimchukua baada ya Athens 2004. Wachezaji walikuwa wametawanyika kwenye kampuni zao, kila timu na kocha wake, kila kocha na utaratibu wake. Yeye akasisitiza timu ya taifa ikae na ifanye mazoezi pamoja. Kituo cha taifa cha mazoezi kilipofunguliwa Tokyo mwaka 2008, akapata na mahali pa kuifanyia kazi hiyo. Matsutomo na Takahashi ni matunda ya mpango huo.

BARAKA: Matunda yakaiva 2014. Oktoba wakashika nafasi ya kwanza duniani, Desemba wakachukua fainali za Superseries, mashindano ya kufunga msimu, kule Dubai. Machi 2016 wakashinda All England, yale mashindano makubwa ya Birmingham, wakawapiga Wachina Tang Yuanting na Yu Yang kwenye fainali, 21-10, 21-12. Mara ya mwisho wanawake wawili wa Japani kulichukua kombe hilo ilikuwa 1978.

ZUHURA: 21-10 dhidi ya Yu Yang, mwanamke aliyekuwa na dhahabu ya Beijing 2008! Huko si kushinda kwa kubahatisha.

BARAKA: Haya, tarehe 18 Agosti 2016. Upande wa pili wako Wadenmark, Christinna Pedersen na Kamilla Rytter Juhl. Warefu wote wawili, Rytter Juhl anapita mita 1.80. Kinyoya unachokirusha juu ili upumue, kwao ni chakula. Seti ya kwanza wanachukua Wadenmark, 21-18. Ya pili Wajapani wanafunguka, 21-9. Ya tatu inakwenda bega kwa bega, halafu Wadenmark wanachomoka. Wanaongoza 19-16. Pointi mbili tu, dhahabu inakwenda Ulaya.

ZUHURA: Hata mimi ninayejua matokeo, moyo unanidunda ukisimulia.

BARAKA: Wakapata pointi tano mfululizo. Tano! 17, 18, 19, 20, 21. Wadenmark hawakupata hata moja zaidi. Mfumo ulikuwa uleule wa tangu sekondari, Takahashi nyuma na Matsutomo mbele. Mtu mwenye hofu akiwa nyuma kwa 16-19 anajificha, anarusha kinyoya juu na kuomba mpinzani akosee. Hawa waliendelea kushambulia. Dada, nipe sababu moja ya kuweka kitu kingine juu ya hapo.

ZUHURA: Siwezi kuwanyang'anya dhahabu yao, na sitaki. Ninachouliza ni kwamba, ukitaka kumjua Matsutomo peke yake, utamjua wapi? Rio alikuwa nusu ya kitu ambacho nusu ya pili ilikuwa imesimama nyuma yake tangu ujana.

BARAKA: Endelea.

ZUHURA: Baada ya Rio, Japani yenyewe ikajaa timu kali. Wakaja Yuki Fukushima na Sayaka Hirota. Wakaja Mayu Matsumoto na Wakana Nagahara, wakawa mabingwa wa dunia 2018 na 2019, na mara zote mbili fainali ilikuwa Wajapani kwa Wajapani, dhidi ya haohao Fukushima na Hirota. Takamatsu hawakuwa wamechoka. 2018 walikuwa ndani ya timu iliyoleta Kombe la Uber, kombe la dunia la timu za taifa za wanawake, Japani kwa mara ya kwanza tangu 1981, na Desemba mwaka huo wakashinda fainali za msimu kule Guangzhou. Lakini Olimpiki inaruhusu timu mbili tu kwa kila nchi katika mchezo mmoja, na wao walikuwa wa tatu nyumbani.

BARAKA: Hapo ndipo roho inauma. Unaweza kuwa miongoni mwa wabora wa dunia, na Olimpiki inafanyika nyumbani kwenu, Tokyo, ukaitazama kwenye televisheni.

ZUHURA: Halafu Olimpiki ikaahirishwa mwaka mzima. Agosti 2020 Takahashi akatangaza kustaafu. Matsutomo alikuwa na miaka 28, medali anayo, mshahara anao. Angestaafu siku hiyohiyo, nani angemlaumu? Akaamua kucheza mchanganyiko na Yuki Kaneko.

BARAKA: Mchanganyiko ni kitu kingine kabisa. Mwanaume anapiga nyuma, mwanamke anakaa mbele, na wapinzani kazi yao ni kumwondoa yule mwanamke pale mbele wamsukume nyuma. Ukilinda, unapokea smashi za wanaume.

ZUHURA: Kwa kimo chake kile. Na Machi 2021, miezi saba tu baada ya Takahashi kuondoka, Matsutomo na Kaneko wako fainali ya All England. Wakafungwa na Wajapani wenzao Yuta Watanabe na Arisa Higashino, 21-14, 21-13.

BARAKA: Nitetee upande wangu. China hawakwenda mwaka ule. Waindonesia waliondolewa njiani kwa sababu ya Korona. Ndiyo maana fainali zote tatu za wawili wawili zilikuwa za Wajapani watupu.

ZUHURA: Hoja yako ina uzito, naikubali. Lakini mimi sipimi kombe. Napima mtu aliyeondolewa mwenzake wa miaka 13, akabadilishiwa mchezo, akabadilishiwa kasi ya kinyoya kinachomjia usoni, na bado pale mbele ya wavu akabaki yuleyule. Kusoma bega, nusu hatua, kuwahi. Hapo nikajua macho yale yalikuwa yake mwenyewe, hakuazima kwa Takahashi.

BARAKA: Hilo la macho nimelipokea. Rio bado naiweka juu, lakini sasa nitairudia nikimtazama yeye peke yake.

ZUHURA: Fanya hivyo, na wasikilizaji pia. Msikifuate kinyoya, tazameni miguu yake wakati Takahashi anajiandaa kupiga.

BARAKA: Kabla hatujaaga, kuna msikilizaji wetu wa Kampala aliuliza kama Afrika Mashariki imewahi kukutana na Japani hii. Ndiyo. Kombe la Uber 2024, Chengdu, wanawake wa Uganda walikuwa kundi moja na Japani, Indonesia na Hong Kong.

ZUHURA: Na kundi hilo tunaliwekea kipindi chake, wiki ijayo. Mimi ni Zuhura.

BARAKA: Nami Baraka. Kwaherini.