Bango Lisilo na Jina: Tunavyouziwa Filamu za Mashujaa Kabla ya Kuziona

ZUHURA: Karibuni wasikilizaji wetu wapenzi wa sinema. Mimi ni Zuhura, na mwenzangu wa siku zote, Baraka, yupo nami. Leo tunazungumzia yale yanayotokea kabla taa za ukumbi hazijazimwa, yaani ile miezi ambayo filamu ya mashujaa wa majira ya joto haijatoka bado, lakini sisi tumekwisha kuijadili, kuigombania, na wengine tumekwisha kuipenda. Kaka Baraka, uliniambia kwamba ungependa tuanze na bango moja la zamani.

BARAKA: Naam, dada Zuhura. Ni bango la mwaka 1989, la filamu ya Batman iliyoongozwa na Tim Burton. Bango hilo lilikuwa na nembo ya popo mweusi ndani ya umbo la dhahabu, na chini yake tarehe ya kutoka, 23 Juni. Halikutaja jina la filamu na halikuonyesha sura ya mwigizaji yeyote. Nalipenda bango hilo kwa sababu lilimwachia mtazamaji kazi ya kufanya. Aliyeifahamu nembo alijihisi kuwa miongoni mwa wanaojua, na asiyeifahamu alilazimika kumuuliza mwenzake. Mara tu mtu anapomuuliza mwenzake, studio imekwisha kupata tangazo ambalo haikulilipia.

ZUHURA: Lakini tusisahau kwamba bango hilo lilizaliwa katikati ya ugomvi. Michael Keaton alipotangazwa kuwa ndiye atakayemwigiza Batman, mashabiki wa vitabu vya katuni walikasirika sana, kwa kuwa walimjua kama mwigizaji wa vichekesho. Inaelezwa kwamba barua za malalamiko zilizopelekwa kwa studio ya Warner Bros., iliyotengeneza filamu hiyo, zilifikia 50,000. Barua, kaka, zilizoandikwa kwa mkono au kwa taipureta, zikabandikwa stempu na kupelekwa posta. Mtu hajisumbui kiasi hicho kwa jambo lisilomgusa. Mimi naamini hasira ile ilikuwa tarajio lenyewe, ila lilikuwa limechanganyika na hofu.

BARAKA: Na studio ikaijibu hofu kwa picha. Waliunganisha haraka kionjo, au trela kama wengi tunavyoita, ambacho hata muziki wake haukuwa umekamilika, wakakipeleka kumbini miezi kadhaa kabla ya filamu. Inasimuliwa kwamba wako waliokata tiketi ya filamu nyingine, wakatazama kionjo kile, kisha wakaondoka kabla filamu waliyoilipia haijaanza. Kufikia Juni fulana zenye ile nembo zilikuwa zimeenea kila mahali Marekani, na filamu ilipotoka iliingiza zaidi ya dola milioni 40 katika siku zake tatu za mwanzo, kiasi ambacho hakikuwa kimefikiwa na filamu yoyote hadi wakati huo.

ZUHURA: Hebu tuwaeleze wasikilizaji kwa nini siku hizo tatu zinapewa uzito mkubwa namna hiyo.

BARAKA: Mzizi wake uko mwaka 1975, katika filamu ya Jaws, inayohusu papa mla watu. Kabla ya hapo, filamu nyingi kubwa zilianzia katika kumbi chache za miji mikubwa, kisha zikasambaa polepole huku sifa zake zikitangulia. Jaws ilitoka tarehe 20 Juni katika kumbi zaidi ya 400 kwa wakati mmoja, ikitanguliwa na matangazo mengi ya televisheni yaliyorushwa usiku baada ya usiku. Shule zilikuwa zimefungwa, vijana walikuwa na muda, na kumbi zilikuwa na viyoyozi. Tangu hapo studio zimejifunza kwamba filamu ikifunguliwa kila mahali siku moja, shauku ya watu nayo inapaswa kufika kileleni siku hiyohiyo. Kwa desturi ya biashara ya Marekani, fungu la studio katika mauzo ya tiketi lilikuwa kubwa zaidi wiki za mwanzo, likapungua kadiri wiki zilivyosonga, na jambo hilo liliongeza haraka ya kuuza mapema.

ZUHURA: Ndiyo maana hata majira yenyewe yamesogezwa mbele ya Juni. Filamu ya Spider-Man ya mwaka 2002 ilitoka tarehe 3 Mei, ikawa ya kwanza kuvuka dola milioni 100 katika wikendi ya kwanza. Mwaka 2019 Avengers: Endgame ilitoka tarehe 26 Aprili. Majira ya joto ya sinema yana kalenda yake.

BARAKA: Umeitaja Spider-Man, nami nakumbuka kionjo chake cha kwanza, kilichoonyesha helikopta ya wezi ikinaswa katika utando uliotandwa kati ya minara miwili ya World Trade Center jijini New York. Baada ya minara hiyo kushambuliwa na kuanguka tarehe 11 Septemba 2001, kiliondolewa. Nalitaja hili kwa sababu huwa tunadhani matangazo yanaelea peke yake, ilhali yanaishi katika dunia ileile wanamoishi watazamaji, na dunia hiyo inaweza kubadilika asubuhi moja.

ZUHURA: Hilo linanipeleka kwenye kampeni ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, ile ya The Dark Knight, filamu nyingine ya Batman. Filamu ilitoka tarehe 18 Julai 2008, lakini kampeni ilianza Mei 2007, zaidi ya mwaka mmoja kabla. Kwanza ilitokea tovuti ya uchaguzi, ikimnadi mhusika wa filamu, Harvey Dent, kama mgombea halisi katika mji wa kubuni wa Gotham, anakoishi Batman. Kisha ikatokea nyingine, iliyochafuliwa na Joker, adui wa Batman, na kila shabiki aliyetuma barua pepe alikuwa anaondoa nukta moja ndogo ya picha iliyoifunika sura ya Joker, mpaka sura hiyo ikaonekana yote. Fikiria, kaka, maelfu ya watu wasiofahamiana wakifunua picha moja kwa pamoja, nukta kwa nukta.

BARAKA: Na walipofika San Diego, kwenye Comic-Con, tamasha la mashabiki wa katuni, la Julai 2007, waligawiwa noti za dola zilizochorwa uso wa Joker, na angani ndege ikaandika namba ya simu kwa moshi.

ZUHURA: Desemba mwaka huohuo, waliokuwa wanafuatilia kampeni hiyo, iliyoendeshwa kama mchezo, waliambiwa waende katika maduka fulani ya mikate kwenye miji mbalimbali ya Marekani wakachukue keki iliyowekwa kwa jina maalumu. Juu ya keki paliandikwa namba ya simu, na walipoipiga, keki ikaita. Simu ilikuwa imefichwa ndani yake! Kampuni ya 42 Entertainment, iliyobuni mchezo ule, ilieleza kwamba zaidi ya watu milioni 10 katika nchi zaidi ya 75 walishiriki. Ninachokipenda ni kwamba watu hawakupewa tangazo walitazame, bali walipewa nafasi ndani ya hadithi. Filamu inahusu mji unaogombaniwa na wanaume watatu, na kampeni ikamfanya shabiki raia wa mji huo, mpiga kura au mhalifu, kabla hajaketi ukumbini.

BARAKA: Kisha Heath Ledger, aliyemwigiza Joker, akafariki dunia tarehe 22 Januari 2008, na kampeni ikawa imebeba msiba.

ZUHURA: Ndiyo. Kwa muda mkazo ukahamia zaidi kwa Harvey Dent, na nadhani hilo lilikuwa jambo la heshima. Wengi walikwenda kumtazama kwa huzuni, na si haki kuyahesabu mapato yale ya dola milioni 158 za wikendi ya kwanza kana kwamba ni ushindi wa matangazo peke yake.

BARAKA: Nakubaliana nawe. Sasa niulize jambo linalonisumbua. Siku hizi studio hujivunia idadi ya mara ambazo kionjo kimetazamwa ndani ya saa 24. Cha Avengers: Endgame, Desemba 2018, kilitangazwa kufikia milioni 289, na cha Deadpool & Wolverine, Februari 2024, milioni 365. Filamu hizo mbili zilifanikiwa kweli. Lakini kutazama kionjo ni kitendo cha bure, kinachochukua dakika mbili na kidole kimoja. Kampuni zinazopima matarajio ya watazamaji kwa niaba ya studio huuliza maswali ya ndani zaidi katika wiki chache kabla ya filamu kutoka: je, umeisikia filamu hii, je, unataka kwa dhati kuiona, na je, kati ya zote zilizopo, ndiyo chaguo lako la kwanza? Kati ya swali la kwanza na la tatu kuna bonde pana, na filamu nyingi zimeangukia humo.

ZUHURA: Mfano wake ni The Flash ya Juni 2023. Hakuna aliyeweza kudai kwamba hakuisikia, kwani ilitangazwa wakati wa Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani inayotazamwa na mamilioni, na wamiliki wa kumbi walionyeshwa mapema huko Las Vegas ikamwagiwa sifa. Chambo kikuu katika vionjo vyake kilikuwa nani? Michael Keaton, akirudi kuwa Batman. Mtu yuleyule ambaye mwaka 1989 aliandikiwa barua za kukataliwa sasa alikuwa ndiye ahadi yenyewe. Wikendi ya kwanza Marekani ikaleta takriban dola milioni 55, kiasi kidogo mno kwa filamu iliyogharimu zaidi ya dola milioni 200.

BARAKA: Unadhani kosa lilikuwa wapi? Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

ZUHURA: Methali hiyo naiheshimu, ila katika biashara hii vyote viwili hutembezwa kwa nguvu ileile, kwa hiyo kutembezwa pekee hakutuambii kitu. Zilikuwapo sababu nyingi, zikiwemo kashfa za mwigizaji mkuu nje ya filamu, lakini niseme ninachokiona katika matangazo yenyewe. Mwaka 1989 swali lilikuwa wazi: je, mchekeshaji huyu ataweza? Hakuna aliyejua jibu, na njia pekee ya kulijua ilikuwa kukata tiketi. Mwaka 2023 kionjo kilituonyesha Keaton amerudi, vazi lake limerudi, hata maneno yake ya zamani yamerudi. Tulikumbushwa, na tukafurahi kukumbushwa, lakini hatukuachiwa swali la kwenda nalo ukumbini.

BARAKA: Hapo umenigusa. Endgame, kwa kulinganisha, ilitangazwa kwa kutumia zaidi vipande vya sehemu ya mwanzo wa filamu, na waongozaji wake, ndugu wawili Anthony na Joe Russo, wakaandika barua ya wazi kuwaomba watazamaji wasiwatobolee wenzao siri. Mamilioni ya watu wakageuka walinzi wa siri ya filamu ambayo wengi wao hawakuwa wameiona.

ZUHURA: Ndiyo maana lile la Thunderbolts mwaka 2025 liliniuma. Jina la filamu lilikuwa na kinyota mwishoni, na kwa mwaka mzima watu waliulizana kinyota kile kina maana gani. Filamu ikatoka Marekani tarehe 2 Mei, na siku chache tu baadaye studio yenyewe ikabadilisha mabango na kutangaza kwamba kinyota kilimaanisha The New Avengers, yaani kundi jipya la mashujaa wa Avengers. Walimwaga mtama kwenye kuku wengi. Aliyekuwa anasubiri mshahara wa mwisho wa mwezi ili ampeleke mwanawe alikutana na jibu barabarani.

BARAKA: Niwatetee kidogo. Wikendi ya kwanza ikipita, muuzaji anatafuta sababu mpya ya kuwaita waliobaki, na jina la Avengers lina mvuto kuliko kinyota.

ZUHURA: Naelewa hesabu yao, lakini sikubaliani nayo. Anayechelewa ni mtazamaji pia, na siri ilikuwa yake kama ilivyokuwa ya waliowahi.

BARAKA: Basi tuitazame hiyo wikendi ya pili, maana naiamini kuliko ya kwanza. Suicide Squad ya Agosti 2016 ilikuwa na vionjo vilivyosisimua sana, vyenye muziki na rangi na kasi. Ikafungua kwa dola milioni 133, na wikendi iliyofuata mapato yakashuka kwa takriban asilimia 67. Walioiona walikuwa wameahidiwa filamu yenye uchangamfu wa kionjo, wakapata yenye giza na mkanganyiko, nao wakawaambia ndugu na jamaa. Mwaka uliofuata Wonder Woman ilifungua kwa dola milioni 103, pungufu ya ile, lakini wikendi ya pili ikashuka kwa takriban asilimia 43 tu, na hadi inaondoka kumbini ilikuwa imevuka dola milioni 400 Marekani pekee. Kazi ile ilifanywa na akina mama waliotoka ukumbini wakarudi na binti zao.

ZUHURA: Mimi niliwahi kuvitazama vionjo vyote vya filamu moja, vyote kabisa, pamoja na mahojiano na picha zilizovuja. Nilipoketi ukumbini nikajikuta nasubiri tukio fulani la darajani ambalo nilikuwa sijaliona bado, na kwa sababu halikuwa limefika, nilijua hakuna shujaa atakayekufa kabla yake. Saa nzima nilikaa bila hofu yoyote. Watoto waliokuwa nyuma yangu walishtuka, wakapiga kelele, na mmoja akalia. Niliwaonea wivu, kaka Baraka.

BARAKA: Kwa hiyo safari ijayo utafanyaje?

ZUHURA: Nitakitazama kionjo cha kwanza tu, tena ukumbini, kwenye pazia kubwa, pamoja na watu wengine nisikie wanavyoguna. Vilivyobaki nitaviacha mpaka nitakapokuwa nimeiona filamu yenyewe. Nikishaijua tarehe, inanitosha.

BARAKA: Basi na mimi nikitangulia kuiona, sitakusimulia chochote hadi utakaponipigia simu.